Mwalimu F na Maneno Hamsini

Mwalimu huyo wa fizikia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na saba. Kwa miaka kumi na minne, kila Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho, alikuwa akikaa kwenye stoo ya maabara na mwanafunzi mmoja, wakihangaika na swali ambalo kitabu cha darasani hakikuwa na habari nalo. Wanafunzi walimwita Mizani, kwa sababu huwezi kusema mbele yake kwamba kitu ni kizito bila kuulizwa kizito kiasi gani. Jina hilo alilijua, na wao walijua kwamba analijua, na maisha yakaendelea.

Shule iliiita kazi hiyo Mpango wa Utafiti Huru. Mwanafunzi anayetaka huchagua swali lake mwenyewe, hupewa mwalimu wa kumsimamia, na kwa miezi minane hupima, hukosea, hurudia na kuandika. Mwishoni husimama ukumbini mbele ya wenzake, wazazi na wakaguzi wawili kutoka chuoni, akaeleza alichokiona. Msimamizi haruhusiwi kumpa jibu. "Kazi yangu ni kukuuliza umejuaje," Mizani aliwaambia wote, mwaka baada ya mwaka, mpaka sentensi ile ikawa kama sabuni iliyobaki kipande, bado inatoa povu lakini huishiki vizuri.

Mwaka huo alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa mtu kulala akaamka umekwisha. Uliamka naye, ukavaa viatu naye, ukapanda naye ngazi za jengo la madarasa, na akifika ghorofa ya pili husimama kidogo akijifanya anatafuta funguo kwenye mkoba. Alikuwa na darasa la wanafunzi sitini na wawili, dirisha moja likitazama karakana ya kuchomelea vyuma, pangaboi likizunguka kwa kelele juu ya vichwa vyao. Jioni alifika nyumbani kwa dada yake mkubwa, mshonaji, walikokuwa wakiishi wawili tangu wote wawe wajane, akavua viatu mlangoni na kukaa.

Basi muhula ulipoanza alimwendea mkuu wa shule, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake zamani na mpaka leo alinyanyuka kitini akimwona.

"Nimekuja kuomba unipumzishe na huu utafiti," Mizani akasema. "Unibakishie darasa tu. Darasa nalimudu."

Mkuu wa shule alisogeza faili upande. "Mwaka huu mmoja, mwalimu. Nina binti ambaye wasimamizi wawili wamemkataa."

"Ana nini?"

"Hana kitu. Swali lake ndilo lenye kitu. Wanasema anataka kuwachimba walimu."

Mizani alitaka kubisha, ila kubisha nako kunataka nguvu. Akasema sawa.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita, baba yake fundi viatu. Wenzake walimwita Msumari kwa sababu ya wembamba, na kwa sababu nyingine pia, kwamba akishapigiliwa mahali habanduki. Alhamisi ya kwanza aliingia stoo akainama mlangoni ingawa mlango haukuwa mfupi kiasi hicho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipe swali lako."

"Tangu darasa la kwanza nakaa dawati la nyuma kwa ajili ya urefu," Msumari akasema. "Mwalimu anaongea, mimi nasikia hiki, kile sisikii. Nataka kujua nimekosa maneno mangapi."

Mizani alimtazama. Katika miaka yote kumi na minne alikuwa ameletewa maswali ya betri za malimau, ya mbegu zilizopandwa kwenye pamba, ya rangi gani inanasa joto zaidi. Hakuwahi kuletewa swali ambalo mwulizaji mwenyewe alikuwa amelikalia kwa miaka kumi.

"Utajuaje?" akauliza, na safari hii neno lilimtoka likiwa na uhai kidogo.

Iliwachukua Alhamisi sita kupata njia. Walikubaliana kuwa na orodha ya maneno hamsini ya somo la sayansi, mafupi na marefu. Kila mwalimu angesimama ubaoni akasoma orodha hiyo kwa sauti yake ya kila siku, na wanafunzi wa mstari wa mbele, wa katikati na wa nyuma wangeandika walichosikia. Kisha kuhesabu. Mizani alimpa daftari gumu lenye kurasa zilizotiwa namba, na masharti yake ya siku zote: hakuna kuchana ukurasa, na kosa linakatwa kwa mstari mmoja tu ili libaki linasomeka.

"Hata kama ni kosa la aibu?" Msumari akauliza.

"Hilo ndilo hasa."

Kuwapata walimu ilikuwa kazi. Mizani alizunguka chumba cha walimu na kikombe chake cha chai, akibembeleza mmoja mmoja. Mwalimu wa hesabu alisema ana sauti ya kutosha, asante. Wa jiografia alitaka kujua matokeo yatapelekwa wapi. Mwishowe watano walikubali kwa sharti kwamba wasiandikwe majina, ila herufi, na herufi hizo Msumari azigawe peke yake kwa kura, azijue yeye tu. Ili watano wale wasijione wametolewa kafara, Mizani alijitia wa sita. Alisoma maneno yake hamsini siku ya Jumanne, akafunga orodha, akaendelea na somo la sumaku. Hakulifikiria tena.

Miezi ikaenda. Msumari alifanya kazi kama alivyoitwa. Alipima umbali wa madawati kwa futi ya kamba aliyoazima kwa mshonaji, yule dada wa Mizani. Alirudia darasa moja mara tatu kwa sababu siku mbili za kwanza umeme ulikatika na pangaboi halikuzunguka. Makosa yenyewe aliyaandika yote, na Alhamisi nyingine walijikuta wakicheka mpaka machozi. Mtu wa nyuma alisomewa "kasi" akaandika "kazi". "Mkondo" ulikuwa "mkono". "Chembe" ilifika nyuma ikiwa "jembe", na "sumaku" ilifika ikiwa "samaki".

"Ndiyo maana mwaka jana mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba samaki huvuta chuma," Mizani akasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Nikampa sifuri. Na huenda aliandika alichosikia."

Baada ya kicheko kile alijaribu kukumbuka ni mwanafunzi gani.

Mwezi wa saba wa utafiti Msumari alileta rasimu ya ripoti. Ilikuwa safi, yenye michoro, na Mizani aliibeba nyumbani pamoja na daftari ili aikague Jumamosi asubuhi. Dada yake alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha. Mizani alikaa mezani, akavaa miwani, akaanza kusoma. Jedwali la kwanza lilikuwa na walimu A, B, C, D na E.

Alirudi nyuma akasoma tena. Watano. Mbele kidogo ripoti ilisema, "Walimu watano walishiriki."

Alifungua daftari. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa wa mwalimu E. Uliofuata ulikuwa mnene kuliko kawaida, na ulinuka. Ilimchukua muda kuitambua ile harufu: gundi ya viatu. Kurasa mbili zilikuwa zimebandikwa pamoja, pembe kwa pembe, kwa ustadi wa mtu aliyekua akiona soli zikibandikwa. Msumari hakuchana ukurasa. Masharti ameyashika, Mizani akawaza, na hakujua acheke au afanye nini.

Mizani hakuzibandua. Aliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha, na kupitia karatasi akaisoma herufi F, tarehe, na siku, Jumanne, ile aliyosoma yeye. Mstari wa mbele, maneno arobaini na moja. Wa katikati, ishirini na nane. Wa nyuma, kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya hamsini. Hakuna mwalimu mwingine aliyeshuka chini ya thelathini.

"Dada," akaita.

Cherehani iliendelea kuunguruma.

"Dada," akarudia.

"Umesema?" Dada yake aliinua mguu kwenye kanyagio.

"Sauti yangu unaisikiaje siku hizi?"

Mshonaji alimtazama mdogo wake kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kutia mkasi. "Mwaka wa pili huu nakujibu kwa kubahatisha," akasema. "Nilidhani umechoka tu, hutaki kuongea. Nikaona nisikusumbue."

Mizani alifunga daftari. Alijihisi kama mtu aliyetembea mjini siku nzima na nguo iliyochanika mgongoni, na watu wote waliokutana naye walikuwa na adabu.

Siku zilizofuata hakusema kitu. Na hapa lazima isemwe kweli, maana yeye mwenyewe baadaye hakuificha: alitaka kuacha mambo yalivyo. Ripoti ya walimu watano ilikuwa nzuri. Hakuna ambaye angeuliza. Miaka mitatu ilibaki kabla ya kustaafu, na darasa lile la watu sitini na wawili ndilo kitu pekee alichokuwa bado anajivunia kukimudu. Binti amemhurumia, naye amehurumiwa. Kuna ubaya gani mtu mzima kuhurumiwa mara moja? Uchovu ulimwambia hivyo Jumapili, ukamwambia tena Jumatatu, na alikuwa amezoea kuusikiliza.

Jumanne aliweka simu yake chini ya dawati la mwisho, ikiwa inarekodi, akafundisha kama kawaida. Mchana alijifungia stoo, akaisikiliza. Alisikia pangaboi. Alisikia chuma kikikatwa ng'ambo ya barabara, viti vikiburuzwa, mtu akiomba kalamu. Mahali fulani nyuma ya vyote hivyo kulikuwa na mwanamke ananung'unika, kama anayesali peke yake chumba cha pili. Alisikiliza dakika ishirini akijaribu kujua somo ni lipi. Kisha sauti ya msichana ikasema karibu kabisa na simu, bila kinyongo, "Kasema nini?" na mwingine akajibu, "Andika tu, tutaazima daftari la mtu wa mbele."

Alizima simu. Bomba la sinki lilikuwa likidondosha maji, akanyanyuka akalikaza.

Alhamisi Msumari alipoingia, daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa ukurasa wa arobaini na moja. Binti aliona, akabaki amesimama.

"Kaa," Mizani akasema. "Mwalimu F yuko wapi?"

"Alikuwa na mafua siku ile."

"Hakuwa na mafua. Namfahamu."

Msumari alikaa. Alitazama mikono yake. "Wale wawili walinikataa," akasema polepole. "Wewe ulinikubali. Umenizungushia chumba cha walimu na kikombe mkononi, nilikuona. Halafu nisimame ukumbini niseme aliyenisimamia hasikiki? Nitatazamana vipi na watu?"

"Utasema mwalimu F."

"Watajua. Shule hii watajua kabla sijashuka jukwaani."

"Watajua," Mizani akakubali. Alivua miwani akaiweka juu ya daftari. "Sikiliza, mwanangu. Ulikuja hapa ukitaka kujua umekosa maneno mangapi. Darasani kwangu wako kumi wanaokaa ulipokaa wewe. Ukimficha F, hao kumi utakuwa umewafanya nini?"

Msumari aliinamia meza. Chozi lilimdondoka, akalifuta kwa mkono wa sweta kwa hasira, kama lilikuwa la mtu mwingine.

"Umekasirika?" akauliza mwishowe.

"Nimechoka," Mizani akasema. "Kukasirika sijafika huko. Haya, tufanye kazi. Kipimo kimoja hakitoshi. Tunarudia."

Walirudia Jumatatu. Mizani alijikaza, akasoma maneno hamsini kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mishipa ya shingo ikimtoka. Mstari wa nyuma walisikia ishirini na moja. Siku nzima baada ya hapo koo lilimuwaka na aliongea na watu kwa ishara. Jumatano Msumari akaja na wazo lake, na ndilo lililokuja kuwa sehemu bora ya ripoti: walipanga madawati nusu duara, safu tatu badala ya saba, mwalimu akiwa katikati badala ya ubaoni, na pangaboi limezimwa. Walitokwa jasho wote. Mtu wa mbali zaidi alisikia thelathini na sita.

"Thelathini na sita bila kupiga kelele," Msumari akasema, akiandika. Zile kurasa zilizobandikwa alikuwa amezibandua kwa mvuke wa birika. Zilijikunja na maandishi yakapoteza wino pembeni, na chini yake alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba ukurasa huu aliuficha yeye, na sababu, na tarehe. Mizani alisoma maelezo yale mara mbili, hakusahihisha hata nukta.

Siku ya ukumbi ilikuwa ya joto. Mizani alikaa safu ya nne kando ya dada yake, aliyekuwa amefunga cherehani mapema akaja na futi ya kamba bado shingoni. Msumari alisimama jukwaani mrefu kuliko kipaza sauti, akakisogeza pembeni, akaongea bila kukitumia. Alionyesha jedwali lenye walimu sita. Alieleza samaki na jembe, ukumbi ukacheka. Alipofika herufi ya mwisho alisoma namba zote tatu, moja baada ya nyingine.

Mkaguzi mmoja, mzee mwenye kipara, aliinua mkono. "Huyu F ametofautiana sana na wenzake. Huyu ni nani? Darasa lake lina tatizo gani?"

"Darasa lake linatazama karakana," Msumari akasema. "Na mwalimu mwenyewe sauti yake imechoka. Jina sitalitaja, tuliahidi."

Vichwa viligeuka. Havikugeuka vyote, lakini vya kutosha. Mizani alikuwa amejiandaa tangu asubuhi kwamba dakika hiyo atasimama aseme, ni mimi. Ilipofika, miguu haikutaka. Alibaki amekaa, akitazama mbele, mikono mapajani. Dada yake alimshika kiwiko na hakumwachia mpaka makofi yalipopigwa.

Msumari alishika nafasi ya tatu. Betri za malimau zilikuwa za kwanza.

Wiki iliyofuata mkuu wa shule alimwita Mizani, na kabla hajafungua mdomo Mizani akasema, "Niondoe kwenye darasa kubwa." Alikuwa ameyakariri maneno hayo njiani, ili yasimshinde. Mkuu wa shule alilia kidogo, jambo lililomchosha Mizani zaidi, maana ilibidi yeye ndiye atoe leso. Walikubaliana kwamba wale sitini na wawili watapewa mwalimu mwingine, na madawati yatapangwa kama Msumari alivyoonyesha. Mizani abaki na maabara, vikundi vya watu kumi, na stoo ya Alhamisi.

Daktari wa koo alimwingizia kamera nyembamba akamwonyesha kwenye skrini vinundu viwili vidogo kwenye nyuzi za sauti, kimoja kila upande. "Una miaka mingapi ukiongea juu ya kelele?" akauliza. Alimwandikia wiki tatu za kutosema neno lolote, hata kunong'ona.

Wiki tatu hizo alikaa barazani kwa dada yake na kibao cha kuandikia. Mshonaji aliwaambia wateja kwamba hajawahi kuishi na mtu rahisi namna hiyo. Siku ya nne Mizani alilala mchana, usingizi mzito, akaamka hajui ni siku gani. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alilala mchana, akashindwa. Kutoka mbali alisikia kengele ya shule ya jirani, akajua kwamba kuna mahali mwalimu mwingine anaingia kwa watoto wake sitini na wawili. Iliuma, kisha haikuuma sana, kisha iliuma tena.

Msumari alikuja wiki ya pili. Alileta nakala ya ripoti iliyojalidiwa, na viatu vya mwalimu vilivyotiwa soli mpya na baba yake, ambaye aliagiza salamu. Alikaa kwenye ngazi, magoti yamemfika kidevuni, akaeleza habari za shule bila kuulizwa. Wale wa nyuma sasa hawapo tena, alisema. Nusu duara haina nyuma, ila kila mtu analalamika kwamba haoni ubao vizuri.

"Kwa hiyo nafikiria mwaka ujao nipime kuona," akasema. "Umbali gani, maandishi makubwa kiasi gani. Unaonaje, mwalimu? Au umechoka?"

Mizani alichukua kibao. Alishika chaki muda mrefu, Msumari akisubiri, cherehani ikiunguruma ndani. Kisha akaandika: *Sana. Njoo Alhamisi.*